Kuamsha Land Rover ya zamani: tutafute ugonjwa wa freni mbele ya kununua piesi



Mu majira haya ya mavuno swali moja linaturudia: koperative iko na Land Rover ya zamani iliyolala miaka mingi chini ya hangari, sasa moteri imekubali kuwaka, je, inaweza kuanza kubeba maharagi na mihogo mpaka sokoni? Jibu letu ni fupi: bado. Gari isiyowaka inabaki nyumbani na haiui mtu. Gari inayowaka lakini haisimami, ile ndiyo ya kuogopa. Tufikiri barabara zetu. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Ruzizi uko chini ya mita 1000, na katikati kuko Ngomo na kona zake. Juu ya magunia wanakaa mama na watoto wao.

Kuko pia mambo ya franga. Fundi anakuja, anakanyaga pedali mara mbili, anasema: “Pompi imekufa, nunueni mpya.” Komite inanunua. Pedali inabaki vile ilivyokuwa. Kisha anasema ni garnitiri. Komite inanunua tena. Mwisho wa kesi, franga ya mbegu imekwisha na ugonjwa haujajulikana. Tunaandika haya ili watu wa komite waweze kusimama karibu na fundi na kumwuliza maswali ya maana. Fundi mzuri hachukii kuulizwa.

Tunazungumza juu ya Land Rover za Series, zile zilizotengenezwa Uingereza toka 1948 mpaka 1985, zaidi ile ya chasi ndefu inayoitwa 109. Lakini gari nyingine nyingi za umri huo zenye tamburi kwa magurudumu yote zinapimwa kwa njia hiyohiyo.

Mbele ya kufungua kitu

Tuanze na freni ya mkono, kwa sababu inadanganya watu wengi. Mu gari hii freni ya mkono haishiki magurudumu. Iko na tamburi yake moja nyuma ya sanduku la vitesi, na inashika shafti inayokwenda kwenye ekseli ya nyuma. Basi ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, hata kama umevuta freni ya mkono mpaka mwisho, gurudumu lililo hewani linaweza kuzunguka upande huu na lile lililo chini likazunguka upande ule, na gari ikaondoka juu ya kriki. Weka mawe makubwa ao mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na kigogo kigumu chini ya chasi. Kwa sababu hiyohiyo, freni hii ni ya kushikilia gari iliyokwisha kusimama. Shofere anayesema “nikikosa freni ya mguu nitavuta ya mkono” anajidanganya: gari ikiwa na mwendo, nguvu yote inapita mu shafti na meno ya ekseli, na kitu kinaweza kuvunjika pale.

Jambo la pili ni vumbi. Garnitiri za zamani zilitengenezwa na amianti, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta ugonjwa mbaya miaka mingi baadaye. Ukifungua tamburi, usipulize ndani kwa mdomo wala kwa kompresa, ginsi tunavyoona mu garaji nyingi. Lowanisha kwa maji, panguza kwa kitambaa, fukia kitambaa. Watoto wakae mbali.

Kisha tazama mafuta yaliyo ndani ya kibuyu cha freni. Chota kidogo, mimina ndani ya glasi ya maji. Mafuta ya freni ya kawaida, yale yanayoandikwa DOT 3 ao DOT 4, yanajichanganya na maji. Ukiona kitu kinaelea juu ya maji, jua kwamba mtu alitia mafuta ya moteri ao mafuta mengine ya namna ile. Hapo hakuna haja ya kuendelea kupima. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira yote ya freni, kuanzia pompi kubwa mpaka pompi ndogo za magurudumu, na mipira ikivimba hairudi. Itabidi kubadilisha mipira yote, pamoja na mabomba ya mpira, na kusafisha mabomba ya chuma. Ni habari mbaya, lakini afazali kuijua siku ya kwanza.

Pedali inasema nini

Ukikanyaga pedali, pompi kubwa inasukuma mafuta ndani ya mabomba, mafuta yanafika kwa pompi ndogo za kila gurudumu, nazo zinafungua garnitiri ili zibane tamburi. Mafuta hayabanwi yakapungua, hewa inabanwa. Karibu yote tunayosema hapa chini yanatoka kwa jambo hilo moja.

Kaa kwenye kiti, moteri imezimwa, gari imesimama fasi sawa. Kanyaga pole pole na usikie kwa mguu.

Kama pedali inashuka sana mara ya kwanza, halafu ukikanyaga mara ya pili na ya tatu haraka inapanda juu na kuwa ngumu kama jiwe, pompi iko nzima. Shida ni nafasi: garnitiri ziko mbali na tamburi, na pompi inamaliza safari yake yote kwa kuzisogeza tu. Huu ndio ugonjwa wa bei ndogo kuliko yote, na ndio unaouza pompi mpya nyingi kuliko yote. Nyuma ya kila gurudumu, kwenye sahani inayofunika tamburi, kuko kichwa cha boliti ya kurekebisha. Magurudumu mengine yako na moja, mengine mawili. Inua gurudumu, zungusha boliti mpaka gurudumu lishikwe kabisa, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Fanya yote manne. Mu gari iliyolala, boliti hizi zimeshikwa na kutu. Zitiliwe mafuta ya kulainisha jana yake, na zisilazimishwe kwa ufunguo mrefu, kwani zikikatika kazi inakuwa kubwa. Na mafuta hayo yasifike kwenye garnitiri.

Kama pedali ni laini, inarudisha mguu kama unakanyaga mpira wa watoto, fikiri hewa. Hapo ni kutoa hewa. Bomba dogo linaloonekana ndani linafungwa kwenye nati ya kutolea hewa, mwisho wake unazamishwa ndani ya chupa yenye mafuta ya freni kidogo, mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na pompi kubwa, malizia na la karibu. Kibuyu kisikauke hata mara moja, la sivyo mnaanza upya. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Hapa kuko neno la gari za zamani peke yake. Pompi kubwa ya gari iliyolala iko na kutu mu sehemu ya mwisho, ile ambayo mipira yake haikuifikia kwa miaka yote. Ukikanyaga pedali mpaka chini kabisa wakati wa kutoa hewa, mipira inapita juu ya ile kutu na kuchanika. Pompi iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa mbovu saa ya mangaribi, na kila mtu anashangaa. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho.

Ikiwa mmetoa hewa mara tatu na pedali bado laini, msiendelee kumwaga mafuta. Kaza boliti za kurekebisha za magurudumu yote mpaka yashikwe, kisha kanyaga. Pedali ikiwa ngumu sasa, hakuna hewa. Ulaini unatoka kwenye tamburi zenyewe. Mara nyingi ni garnitiri mpya zilizotiwa ndani ya tamburi iliyolika: mviringo wao haulingani, garnitiri inagusa fasi kidogo tu, na ukikanyaga inajikunja. Pedali ikibaki laini hata vile, hewa ingali ndani, ao bomba la mpira limechoka na linavimba kila ukikanyaga. Mtu mmoja akanyage, mwingine ashike bomba kwa mkono: atasikia.

Kuna pedali ya tatu, nayo ndiyo inayotutisha. Inaanza ngumu, lakini ukishikilia mguu bila kuuondoa, ukihesabu pole pole mpaka 60, inazama yenyewe. Mafuta yanakimbia fasi fulani. Tafuta inje kwanza: maungio yote ya mabomba, mabomba ya mpira, ndani ya tamburi chini ya vifuniko vya mpira vya pompi ndogo, na nyuma ya pompi kubwa pale pedali inapoisukuma. Kama fasi zote ni kavu na mafuta ya kibuyu hayapungui, basi mafuta yanapita ndani ya pompi kubwa yenyewe, kando ya mpira wake, yanarudi kibuyuni. Hapo, na hapo tu, fundi iko na haki ya kusema pompi kubwa imekufa.

Kama mnataka kuhakikisha zaidi, gari hii iko na mabomba ya mpira matatu: moja kwa kila gurudumu la mbele na moja linalokwenda kwenye ekseli ya nyuma. Yabane yote matatu kwa kibanio chenye midomo ya mviringo, si kwa koleo lenye meno. Kanyaga. Pedali ikiwa ngumu na haizami, pompi kubwa ni nzima. Fungua kibanio kimoja, kanyaga tena. Fungua cha pili. Fungua cha tatu. Pale pedali inapoharibika, ugonjwa uko upande ule. Ni kazi ya robo saa na inaokoa bei ya piesi. Lakini bomba la mpira lililopasuka-pasuka kwa uzee lisibanwe. Lenyewe linangojea kutupwa.

Mwisho kuko pedali ngumu ambayo haisimamishi gari. Mafuta hayana kosa hapa. Tazama garnitiri: ziko na mafuta juu yake, ao zimeungua mpaka zikang'aa kama kioo, ao pompi ndogo zimekamata kwa kutu na hazisogei. Gari zingine za Series ziko na chombo cha duara kinachosaidia mguu kwa nguvu ya moteri. Kukipima ni rahisi: moteri ikizimwa kanyaga mara tano ao sita, shikilia mguu, washa moteri. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, chombo ao bomba lake lina tundu.

Gurudumu lisiloachilia

Gari iliyolala inapenda kushika gurudumu moja. Mnatembea kilometa mbili, tamburi moja inawaka moto na zingine baridi. Hapa pia kuko kipimo kabla ya franga kutoka. Gurudumu likiwa limeshikwa, fungua nati ya kutolea hewa ya gurudumu lile. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachilia, nguvu ilikuwa imefungiwa ndani ya bomba. Lisipoachilia, kosa ni la chuma: pompi ndogo imekamata, ao springi ya kurudisha garnitiri imevunjika, ao mtu alikaza sana boliti ya kurekebisha.

Tuseme liliachilia. Kanyaga tena lishikwe tena, na safari hii fungua ungio lililo mbele ya bomba la mpira, upande wa pompi kubwa. Likiachilia, kosa liko huko juu. Lisipoachilia mpaka ufungue nati ya gurudumu, basi bomba la mpira limeharibika ndani. Kwa inje linaonekana zuri. Ndani limevimba, linakubali mafuta kupita wakati wa kukanyaga na kukataa yasirudi. Watu wanabadilisha pompi ndogo mara mbili kwa ugonjwa wa bomba hili.

Na kama ni magurudumu yote manne yanayoshikwa pamoja, tazama pedali. Lazima kuwe na mwanya kidogo kati ya chuma cha pedali na pompi kubwa. Mwanya ukikosa, pompi hairudi mpaka mwisho, tundu dogo la kurudishia mafuta kibuyuni linabaki limefungwa, na kila safari freni zinakaza zaidi.

Gari inayovuta upande

Pima upepo wa mipira kwanza, ni bure. Halafu kumbuka kwamba gari ikivuta kushoto, mara nyingi gurudumu gonjwa ni la kuume: ndilo lisiloshika. Baada ya kuvuka maji pia gari inaweza kuvuta kwa muda. Shofere akanyage polepole mara chache mpaka garnitiri zikauke.

Ukifungua tamburi ya nyuma ukakuta imelowa, uliza ni mafuta gani. Yanayotoka kwa maji tu ni ya freni, basi pompi ndogo inavuja. Yakiwa mazito, yananuka vikali na maji hayayaondoi, ni ya ekseli, na mpira wa kuyazuia umekwisha. Mbele ya kununua mpira, tafuta tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli. Matope yakiliziba, ekseli ikipata moto inakosa pa kupumua na kusukuma mafuta mpaka kwenye tamburi, na mpira mpya nao utavuja. Garnitiri iliyokunywa mafuta haioshwi kwa petroli ikapona. Inabadilishwa, na ile ya upande wa pili wa ekseli pia, kusudi zishike sawa.

Freni inayopotea mu mteremko na kurudi kwa uwanda

Hii tunataka mwelewe vizuri. Freni inageuza mwendo wa gari kuwa joto. Mu mteremko mrefu, na mzigo, joto haliwahi kutoka. Tamburi inapanuka na kuikimbia garnitiri, pedali inashuka kidogo. Garnitiri nayo ikipata moto sana inapoteza nguvu ya kushika. Halafu mafuta yenyewe yanatokota. Mafuta mapya ya DOT 4 yanavumilia angalau digrii 230, lakini yanavuta maji kutoka hewani, na yakishakunywa maji kipimo chake kinashuka mpaka 155. DOT 3 inaanza na 205 na kushuka mpaka 140. Mafuta yaliyolala miaka kumi ndani ya kibuyu ni ya namna hiyo ya pili, ao mabaya zaidi. Yakitokota yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kama hewa, pedali inakwenda chini bila kitu.

Shofere akiokoka, gari inapoa, pedali inarudi kama zamani. Fundi anapima, haoni kitu. Hapo uliza tu: “Ilipotea gari ikiwa na joto?” Kama ndiyo, mwaga mafuta yote, tia mapya kutoka chupa iliyofunguliwa siku ile, na tazama kama kuko gurudumu linalobana bila kuambiwa.

Kwa maana hiyo maji ya sabuni, ambayo mashofere wengine wanatia mafuta yakikosekana njiani, ni hatari mara mbili. Kwa mwinuko wa Bukavu maji yanatokota kwa digrii 95 hivi, na kabla ya kutokota yanaleta kutu ndani ya pompi.

Kuko na desturi ingine: gurudumu likivuja, fundi anapondaponda bomba lake ao anaziba kwa msumari, gari inaendelea na freni tatu. Land Rover nyingi za zamani ziko na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Ule msumari ukitoka, hakuna freni tatu. Hakuna hata moja. Tunaomba komite zikatae kazi ya namna hii, hata kama soko ni kesho.

Siku ya kujaribu

Gari iwe tupu, barabara iwe sawa, shofere peke yake ndani. Tembea kilometa tano bila kukanyaga freni isipokuwa lazima, kisha shuka na usogeze mgongo wa mkono karibu na kila tamburi bila kuigusa. Iliyo na moto inabana. Rudi kwa kukanyaga mara nyingi, shuka tena: sasa iliyo baridi ndiyo haifanyi kazi. Baada ya hapo mzigo nusu, na mteremko mfupi, kwa vitesi ndogo iliyoingizwa juu ya mlima kabla ya kuanza kushuka. Mtu asipande juu ya mzigo mu majaribio haya.

Weka alama ya kalamu kwenye kibuyu cha mafuta, na mlinzi wa gari aitazame kila asubuhi mbele ya kupakia. Kwa juma la kwanza mafuta yakishuka chini ya alama na inje ya mabomba ni kavu, vua tamburi na inua vifuniko vya mpira vya pompi ndogo moja moja. Mara nyingi mafuta yako pale, yanangoja kutoka.